Mafua ya Julai na Sahani ya Shilingi Tano



Wengi wetu tuna dada, shangazi au mtoto wa ndugu aliyepanda basi kwenda Nairobi kutafuta riziki, na asirudi ila kwa Idi. Wako waliofikia Makina, ule mtaa wa Kibera wa wazee wa Kinubi, ambao babu zao walikuwa askari na walipewa maskani katika msitu huo mwanzoni mwa karne iliyopita. Wako waliopanga chumba Kawangware, upande wa Dagoretti. Kila mwaka, baridi ya Juni hadi Agosti inapotua, simu zao hutuletea habari moja: watoto wanakohoa, darasa zima limelala. Safu ya juma hili tumewaandikia wao. Nasi tulio pwani tusijitoe, kwani joto letu si kinga. Mwaka 1918 yale mafua makubwa yaliyoenea duniani yalishuka na meli katika bandari ya Mombasa, kisha yakapanda bara kwa njia ya reli. Tulitangulia kuugua, wao wakafuata.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Nairobi watu husema "homa" wakikusudia mafua. Kwetu homa ni joto la mwili, na mama wa pwani akiisikia hufikiria malaria. Ugonjwa tunaouzungumza ni homa ya mafua, iletwayo na virusi vya influenza. Haiji polepole kama mafua ya pua kutiririka. Mtoto aliyecheza vizuri jana huamka na joto kali, kichwa na viungo vikimuuma, koo limekauka, na kikohozi kikamfuata. Huanza kuambukiza wenziwe yapata siku moja kabla ya dalili kuonekana, na huendelea hadi siku 5 au 7, wadogo sana hata zaidi. Siku tatu au nne za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote.

Kwa miaka mingi, tangu katikati ya miaka ya 2000, watafiti wa KEMRI na wenzao wa CDC ya Marekani walizipitia nyumba za vijiji vya Gatwekera na Soweto, hapo Kibera, wakiuliza nani ameugua, na zahanati ya Tabitha ikawatibu bure watu wa nyumba hizo. Moja katika waliyoyaona ni kwamba wagonjwa waliobaki majumbani walizidi sana wale waliofika zahanati, ingawa matibabu hayakuwa na malipo. Maana yake ni kuwa daktari huwa wa mwisho kujua. Wa kwanza ni mwalimu, mwenye daftari la mahudhurio mkononi. Akiona darasa moja limepungukiwa na watoto wengi kwa siku mbili au tatu, asingoje juma liishe; amwite mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa huo, na awaeleze wazazi.

Watoto wengi wa mitaa hii hawasomi shule za serikali, ambazo ni chache, bali shule ndogo za watu binafsi na za jumuiya, zilizojengwa kwa mabati. Darasa hutengwa na darasa kwa ubao mwembamba, na benchi la watatu hukaliwa na watano. Baridi ikizidi, mwalimu hufunga dirisha kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo huwafungia ndani pumzi ya mgonjwa. Afadhali watoto wavae sweta mbili na dirisha libaki wazi. Chafya ifunikwe kwa kiwiko au nguo, hilo si geni kwetu, kwani Mtume (s.a.w.) alikuwa akipiga chafya hufunika uso wake kwa mkono au nguo. Na maji, ambayo hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, yasiwe udhuru: kopo lililotobolewa tundu dogo na kuzibwa kwa kijiti hunawisha mikono mingi kwa maji machache, madhali sabuni ipo.

Hayo ni mepesi. Zito ni kumweka mtoto mgonjwa nyumbani.

Jamaa yetu mmoja wa Kawangware hufua nguo katika nyumba za Lavington. Hulipwa kwa siku. Asipokwenda, huitwa mwingine, na huenda asiitwe tena. Mwaka jana mwalimu alimrudishia mwanawe na kikaratasi: ana homa, akae nyumbani mpaka apone. Kesho yake alfajiri alimpa mtoto dawa ya kushusha homa, akamvika sweta, akampeleka shule. Saa tano homa ikarejea, na kufika Ijumaa watoto wa benchi lake wote walikuwa kitandani. Tulipomuuliza kwa nini, hakutafuta maneno. "Shuleni kuna chakula," alisema. "Nyumbani nimwachie nani, na ale nini?"

Tangu mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi ina mpango wa chakula cha mchana uitwao Dishi na County kwa shule za umma za msingi na chekechea, ambapo mzazi hutoa shilingi 5 na mtoto akapata sahani ya moto. Ni jambo jema, twaliombea lidumu. Lakini mtoto asiyekuwepo hapati sahani. Kwa mama yule, mwana kubaki nyumbani ni kukosa mlo wa mtoto na ujira wa siku kwa pamoja. Kwa hiyo hatumlaumu, na tunasema wazi: agizo la "mweke nyumbani" lisiloambatana na mlezi wala chakula humfundisha maskini kuficha ugonjwa.

Wala kufunga shule nzima si jibu la mafua ya kila mwaka. Mwaka 2020 shule zilifungwa mwezi wa Machi kwa ajili ya korona, na wanafunzi wengi hawakurudi hadi Januari 2021. Ule ulikuwa ugonjwa mpya na hofu ilikuwa na haki yake, lakini tuliona ni nani aliyepoteza zaidi: ni mtoto wa chumba kimoja, asiye na meza wala simu ya kusomea.

Basi akina mama wenye vyama vyao, na kamati za misikiti ya Makina na Kawangware, tunawaletea ombi. Kila msimu wa baridi mtengeni fungu dogo. Mtoto akirudishwa, jirani auzaye mahamri au mboga mlangoni kwake amwangalie kwa siku tatu nne, fungu limpatie mtoto uji na chakula, na mama aende kazini. Jirani huyo asiwe mjamzito wala mwenye kitoto kichanga, kwani hao, pamoja na wazee na wenye pumu, ndio mafua huwaumiza zaidi. Mtoto arudi shule baada ya siku nzima kupita bila homa na bila dawa ya kuishusha. Na maustadhi wetu watusamehe: mara nyingi aliyekatazwa shule asubuhi hukutwa chuoni alasiri, kwa kuogopa fimbo ya utoro. Ruhusa ya shule iwe ndiyo ruhusa ya chuo.

Juu ya dawa, tuwe waangalifu. Paracetamol kwa kipimo cha uzito wa mtoto, maji na uji kwa wingi, vyatosha kwa wengi. Aspirini asipewe mtoto mwenye mafua. Vile vidonge vya rangi mbili vinavyouzwa viwili viwili dukani haviui virusi. Hupoteza fedha na kuzoesha vijidudu vingine dawa. Mafua yakishamdhoofisha mtoto, nimonia hupata njia. Kwa hiyo tazameni kadi ya kliniki ya mchanga wenu, kama amekamilisha chanjo ya nimonia ya wiki ya 6, 10 na 14, ambayo Kenya huitoa tangu 2011. Akipumua mbio, mbavu zikivutwa ndani, akikataa kunyonya au kunywa, midomo ikigeuka rangi, akipata degedege au kulegea asiamke vizuri, msingoje asubuhi. Mchukueni hospitali usiku huo huo.

Limebaki moja la kufanya leo kabla ya Maghrib. Kile kikombe kimoja kilichofungwa kwa mnyororo kwenye pipa la maji la chuo, kikatwe kiondolewe. Kila mtoto aje na chake.