UCHAMBUZI: Dizeli inayoteketea kwenye foleni ya Malaba asidaiwe dereva

Pana hesabu moja inayozusha ugomvi kila mara baina ya wenye malori na madereva wao katika njia ya Mombasa hadi Malaba. Mwenye lori hutazama kilomita za safari, akatoa dizeli kulingana na kiwango alichokizoea, na ikipungua dereva huambiwa ameiuza njiani. Wizi wa mafuta upo, wala hauna haja ya kufichwa. Hata hivyo, hesabu yenyewe ina kasoro, kwani hupima umbali na kusahau hali ya safari.

Tuchukue milima. Kutoka usawa wa bahari, lori hupanda hadi Timboroa, takriban mita 2,700 juu, kisha likateremka hadi karibu mita 1,200 mpakani. Kuliinua lori la tani 56, ambazo ndizo upeo unaoruhusiwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mita 1,000 tu kunahitaji karibu lita 40 za dizeli, mbali na zile za kulisukuma mbele. Baadhi ya nishati hiyo hurudi kwenye mteremko, lakini sehemu kubwa huishia kuwa joto la breki. Lori lilo hilo likirudi tupu, matumizi yake hushuka sana. Kwa hivyo, kutumia kiwango kimoja kwa kwenda na kurudi ni kubahatisha.

Lakini ni mpakani ambapo hesabu ya kilomita huporomoka kabisa. Wizara ya Nishati ya Marekani hukadiria kwamba lori kubwa ambalo injini yake inanguruma bila kusonga hutumia takriban lita 3 kwa saa. Saa 10 za namna hiyo ni lita 30. Kwa lori lenye shehena linalokwenda kama kilomita 2 kwa lita, hizo zingetosha kulifikisha kutoka Malaba hadi Webuye, ilhali kipima umbali hakikugeuka. Mtu atauliza mbona dereva asizime injini. Foleni ikisimama kabisa, huzima. Taabu ni foleni inayojivuta hatua chache, ikasimama, ikajivuta tena, kwa kuwa anayechelewa kuwasha hupitwa.

Mnamo Januari 2022, Uganda ilipowalazimisha madereva wote kupimwa corona kwa ada ya dola 30, foleni za Malaba na Busia zilirefuka kwa kilomita nyingi ndani ya Kenya. Miongoni mwa malori yaliyokwama yalikuwemo ya mafuta, na bei ya petroli nchini Uganda ikapanda vibaya. Malori yakawa yanachoma dizeli yakingoja kupeleka dizeli! Kituo cha pamoja cha mpakani mjini Busia, kilichofunguliwa rasmi Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, kilikusudiwa kukomesha kungoja huko. Amri moja ya afya ilitosha kukurejesha. (Busia, tukumbuke, ndiko kulikozaliwa jina bodaboda, enzi za baiskeli zisizojua bei ya mafuta.)

Wenye magari madogo nao hawajaponea. Gari la mtumba kutoka Japani huja na sifa ya kilomita kadha kwa lita, takwimu iliyopatikana maabarani, magurudumu yakizunguka juu ya mtambo. Maabara hiyo haijui matuta ya Bumala wala barabara za vumbi za Khunyangu baada ya mvua. Isitoshe, takwimu hizo zimewahi kuchezewa: mwaka wa 2016 kampuni ya Mitsubishi Motors ilikiri kwamba majaribio ya mafuta ya magari yake madogo yapatayo 625,000 yalikuwa na udanganyifu. Marekani yenyewe ilirekebisha vipimo vyake kuanzia magari ya mwaka wa 2008, ikaongeza mwendo wa kasi na matumizi ya kiyoyozi, baada ya wenye magari kulalamika kwamba barabara haifanani na karatasi.

Anayetaka ukweli hana budi kujipimia. Ajaze tangi mahali tambarare hadi pampu ijikate, aandike kilomita, na mwisho wa safari ajaze tena kwenye pampu ile ile. Arudie mara kadhaa, akibadilisha jambo moja tu kila mara: mzigo, mwendo au saa za safari. Jaribio moja halithibitishi kitu.

Kwa malori, kazi ni nyepesi zaidi. Kompyuta za injini za malori mengi ya kisasa huhifadhi saa ambazo injini ilinguruma bila gari kusonga. Wamiliki wengi tayari hulipia mitambo ya setilaiti ili kumnasa dereva anayeuza mafuta. Rekodi hiyo hiyo yaweza pia kumwondolea lawama. Mkataba wa safari basi ungetenga dizeli ya barabarani kwa kilomita na ya foleni kwa saa, na gharama ya pili idaiwe mwenye shehena au serikali iliyofunga lango, wala si mshahara wa aliyelala kwenye usukani.