Mkono Ukivunjika, Tusitazame Mfupa Peke Yake



Huku kwetu Shinyanga na Geita wengi huumia mikono. Wachimbaji wadogo huangukiwa na mawe ndani ya maduara, na vijana huanguka na pikipiki. Jamaa humfunga mgonjwa banzi, na mfupa ukiunga hushukuru Mungu. Baadaye kijana hawezi kushika sururu, na majirani husema amerogwa. Sisi tunasema hakurogwa. Mshipa wa fahamu uliumia siku ile ile, na hakuna aliyeupima.

Kuupima hakuhitaji mashine. Kabla ya kufunga banzi, na tena baada ya kulifunga, mwambieni mgonjwa afanye mambo matatu.

Kwanza, ainue kiganja. Kikining'inia, umeumia mshipa unaouzunguka mfupa wa juu ya kiwiko. Kama hata kiwiko hakinyooki, huenda jeraha liko juu zaidi, karibu na kwapa.

Pili, aunganishe ncha za kidole gumba na cha shahada kama pete. Akishindwa, au kidole cha shahada kikiwa na ganzi, ni mshipa unaopita katikati ya mkono.

Tatu, atanue vidole. Akishindwa, na kidole cha mwisho kina ganzi, ni mshipa unaopita nyuma ya kiwiko. Ganzi hiyo ikija polepole bila ajali, nendeni mkapimwe ukoma. Dawa zake ni bure.

Mkono wote ukilegea, jeraha liko kati ya shingo na bega.

Maumivu yakizidi na vidole vikawa baridi, banzi limebana: lilegezeni mara moja, kisha mwende hospitali.

Mshipa huota takriban milimita moja tu kwa siku, na msuli uliokaa zaidi ya mwaka bila mshipa hudhoofu moja kwa moja. Kwa hiyo kungojea nyumbani miezi sita ni kupoteza mkono. Mleteni mapema, ili anayehitaji upasuaji apelekwe Bugando kwa wakati.

Na wenye maduara tunawaambia: mnahesabu kila mfuko wa mawe unaotoka shimoni. Hesabuni na mikono inayoutoa. Nauli ya majeruhi kwenda hospitali siku hiyo hiyo iwe juu yenu. Hiyo ni haki yake, si sadaka.