Duaradufu Haikaririwi

Wanafunzi wenzangu, wahenga walisema kuuliza si ujinga. Basi nami nauliza: mbona tunakariri hisabati kama kasuku?

Muhula uliopita, tulipomaliza mlinganyo wa duara, mwalimu wetu alituachia swali la ziada. Duaradufu, yaani duara iliyonyooshwa kama yai, ina ncha zake mbili za mbali kabisa katika (−3, 2) na (7, 2). Fokasi zake mbili, zile nukta za ndani zinazoipa umbo, ziko katika (−1, 2) na (5, 2). Tafuteni mlinganyo wake! Mimi nilikimbilia kwa kaka yangu, akanipa kanuni, nikaikariri hadi usiku wa manane. Asubuhi nikapachika 10 mahali pa 5. Nikapata sufuri, na hiyo sufuri yenyewe, ajabu, ilikuwa na umbo la duaradufu!

Jioni nikirudi nyumbani nilimkuta jirani yetu seremala akichora uso wa meza wa umbo lilo hilo. Alipiga misumari miwili kwenye ubao, akafunga ncha za uzi kwenye misumari, akaukaza uzi kwa penseli na kuizungusha. Kumbe ni rahisi hivyo!

"Fundi, hii ulisomea wapi?" nikamwuliza.

Akacheka. "Kwani uzi nao husomewa, kijana?"

Nilifika nyumbani nikafanya vivyo hivyo kwa namba za mwalimu. Misumari ndiyo fokasi, nayo imeachana kwa sentimita 6. Uzi ni sentimita 10, sawa na urefu wa duaradufu kutoka ncha hadi ncha. Kitovu kiko katikati, yaani (2, 2). Kutoka kitovu hadi ncha ni 5, na hadi msumari ni 3. Penseli ikifika juu kabisa, uzi hugawanyika nusu kwa nusu, 5 huku na 5 kule. Hapo nikaiona pembetatu ya Pythagoras! 25 toa 9 ni 16, kwa hivyo kimo ni 4.

Sasa ile kanuni ikaniingia. Chini ya x huwekwa mraba wa nusu ya urefu, na chini ya y mraba wa nusu ya upana:

(x − 2)²/25 + (y − 2)²/16 = 1

Nikaijaribu kwa nukta ya juu, (2, 6). Ikatoa 1 barabara.

Najua wapo watakaosema, "Hiyo haimo kwenye silabasi, ya nini kujisumbua?" Ni kweli, haimo. Lakini mlinganyo wa duara umo, na tunaukariri vilevile, swali likigeuzwa kidogo tu tunakwama. Tena duaradufu si mchezo. Mwaka 1609 Johannes Kepler alieleza kwamba sayari ya Mirihi hulizunguka Jua kwa njia ya duaradufu, Jua likiwa kwenye fokasi moja.

Walimu wetu wapendwa, tunawaomba: kabla ya kanuni, tupeni uzi na misumari. Nanyi wenzangu, kabla ya kukariri, choreni kwanza. Seremala yule hajui mlinganyo, lakini meza yake imekaa sawa. Sisi tulijua mlinganyo, tukapata sufuri. Nani basi aliyesoma?