Barua ya wazi kwa Bodi ya Ligi: rangi za Singida zipewe mwenyewe

Kwa Mwenyekiti na Mtendaji Mkuu,
Bodi ya Ligi Kuu Tanzania.
Nakala: Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF); Baraza la Michezo la Taifa (BMT).

Ndugu viongozi,

Kila mwaka, kabla ligi haijaanza, jezi mpya hupita mikononi mwenu. Mnaangalia kama ya nyumbani inatofautiana vya kutosha na ya ugenini, kama namba za mgongoni zinasomeka, kama nembo ya mdhamini wa ligi imekaa mahali pake. Ni kazi ya lazima, na hakuna anayetaka kuona mwamuzi akiwarudisha wachezaji vyumbani kwa sababu timu mbili zimevaa karibu rangi moja. Nawaandikia kutoka Singida kuomba ukaguzi huo uongezewe swali moja ambalo kanuni zetu hazijalipa uzito: jezi hii bado ni ya timu ileile ambayo watu wa mkoa huu waliishangilia msimu uliopita?

Swali hilo lina historia fupi na yenye mashaka. Mwaka 2017 Singida United ilipanda Ligi Kuu, ikamaliza msimu wake wa kwanza katika nafasi ya tano, na mwaka 2018 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho pale Arusha, ikafungwa na Mtibwa Sugar mabao 3-2. Mwaka 2020 ikashuka daraja. Miaka miwili baadaye mkoa ukapata timu nyingine: DTB, iliyokuwa imepanda kwa jina la benki, ikaja kwetu na kuitwa Singida Big Stars, ikamaliza ya nne. Mwaka 2023 timu hiyohiyo ikawa Singida Fountain Gate, na kwa jina hilo ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika, ikaitoa JKU ya Zanzibar kabla ya kutolewa na Future ya Misri. Mwaka 2024 ikaondoka kabisa. Ikaenda Babati, mkoani Manyara, na neno Singida likaachwa njiani. Wakati huohuo Ihefu ya Mbarali ikawa imeshafika kwetu, ikabatizwa Singida Black Stars. Majina manne basi, yote ya Ligi Kuu, kati ya 2017 na 2024, na kila jina lilikuja na nembo yake na jezi yake. Shabiki aliyenunua jezi rasmi kila mara, kama alivyohimizwa na viongozi wa klabu, leo ana kabati lenye nguo tatu za timu ambazo hazipo tena kwa majina hayo.

Watetezi wa hali hii husema kwamba jezi hubadilika kila mahali. Ni kweli, na hapo ndipo mjadala wetu huchanganya mambo mawili. Kuna mtindo, na kuna asili. Mtindo ni kola, mistari, maua ya kifuani, mkato wa mikono, aina ya kitambaa. Asili ni rangi kuu, nembo na jina. Tazama Simba na Yanga. Msimu wa 2023/24 Simba waliipandisha jezi yao hadi kileleni Kilimanjaro, msimu uliofuata wakaizindulia Mikumi. Yanga kwa misimu kadhaa wamemkabidhi mbunifu Sheria Ngowi kazi ya kuchora uzi wao. Kila uzinduzi huzua ugomvi mtamu: huyu anasema jezi imekuwa kitenge, yule anasema ya mwaka jana ilikuwa bora, mwingine anadai imeigwa Ulaya. Wiki ikiisha watu wananunua. Ugomvi huo hauna hatari yoyote, kwa sababu unahusu mtindo peke yake. Hakuna aliyewahi kupeleka mezani hoja kwamba Simba waache nyekundu au Yanga waache kijani na njano.

Na rangi hizo zikiguswa hata kidogo tu, nguvu yake huonekana. Ligi ilipodhaminiwa na Vodacom, Yanga waligoma kuvaa nembo yenye wekundu wa kampuni hiyo. Wapo waliocheka, wakasema ni utoto, mdhamini anatoa mamilioni halafu mtu analalamikia alama ndogo ya begani. Mimi naliona tukio lile kuwa somo zuri la utawala wa mpira. Alama ndogo ililazimisha klabu, mdhamini na wasimamizi wa ligi kuzungumza kuhusu rangi kama jambo zito. Yanga walikuwa na ubavu wa kugoma kwa sababu nyuma yao walikuwapo wanachama, matawi na mkutano mkuu, watu ambao kiongozi hawezi kuwakwepa akirudi nyumbani na nembo nyekundu begani.

Historia ya mpira wetu inaonyesha pia kwamba hata jina linaweza kubadilika bila kuua timu, mradi kitu kingine kibaki. Mwaka 1971 Sunderland ya Dar es Salaam iliitwa Simba. Nyekundu na nyeupe zikabaki, na mashabiki wakavuka pamoja na rangi zao. Kwa majirani zetu wa Kenya, Abaluhya ililazimika mwaka 1980 kuacha jina la kikabila na kuwa AFC Leopards. Amri ilitoka juu, watu hawakuulizwa, lakini bluu na nyeupe zilibaki kifuani, na mzee wa Kakamega aliendelea kujua ni timu gani inaingia uwanjani. Kwetu Singida hakuna kilichoachwa kitutambulishe. Jina, nembo, uongozi na wachezaji vimebadilika kwa mkupuo, na safari mbili kati ya hizo timu yenyewe ilikuwa imetoka mkoa mwingine.

Kilichodumu ni kile ambacho hakuna ofisi iliyokipanga. Singida United iliitwa Walima Alizeti, na Black Stars nao wanaitwa Walima Alizeti. Jina la utani limeshinda nembo zote zilizochorwa kwa fedha. Watu wamekwisha kusema wanataka kutambuliwa kwa nini. Hakuna aliyewasikiliza kwa maandishi.

Sina haki ya kulalamikia upande mmoja tu. Kilichotufurahisha sisi mwaka 2024 kiliwaumiza wenzetu. Ihefu ilikuwa timu ya Mbarali, na tarehe 29 Novemba 2022 ndiyo iliyoifunga Yanga mabao 2-1 na kukomesha mwendo wa michezo 49 ya ligi bila kupoteza, mwendo uliokuwa umeizungumzisha nchi nzima. Ushindi ule ni wa watu wa Mbarali. Leo nafasi iliyopatikana kwa jasho la timu ile inachezewa Singida, kwa jina letu, na mkulima wa mpunga wa Ubaruku hana timu ya kuivalia jezi ya zamani. Kama tungekuwa na kanuni ninayoiomba, huenda sisi Singida tungekaa bila timu ya Ligi Kuu kwa muda. Naliona hilo na bado naomba kanuni, kwa sababu mlango uliotuletea Ihefu ndio mlango uliotuondolea Fountain Gate, na haujafungwa.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni ya fedha. Mwenye kisu kikali ndiye hula nyama: timu ni mali ya mtu aliyeinunua, analipa mishahara, nauli na kambi, na asipokuwepo yeye hakuna timu. Singida United ilishuka daraja, na kushuka kwake hakukuzuiwa na mapenzi ya mtu yeyote. Wenye Black Stars, kwa upande wao, wamewekeza kweli: kuna uwanja mpya wa Mtipa, kuna Kombe la Kagame lililotwaliwa Septemba 2025 mbele ya Al Hilal ya Sudan, kuna hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2025/26. Nani amwambie mtu wa namna hiyo avae rangi gani?

Jibu langu ni kwamba mwekezaji alinunua zaidi ya wachezaji. Alipochukua neno Singida na kuliweka mbele ya jina la timu, alichukua kitu ambacho hakukijenga yeye, na ndicho kinachomjazia uwanja. Hakukilipia. Ni haki basi akubali masharti ya kukitumia. Tena mafanikio hayafuti deni hilo. Mwaka 2012 mmiliki wa Cardiff City ya Wales, tajiri wa Malaysia Vincent Tan, aliibadilisha timu iliyojulikana kwa bluu, yenye jina la utani la ndege wa bluu, akaivalisha nyekundu. Mwaka uliofuata ikatwaa ubingwa wa daraja la pili na kupanda Ligi Kuu ya Uingereza. Ungetegemea watu wanyamaze. Hawakunyamaza, na Januari 2015 mmiliki mwenyewe aliirudisha bluu. Fedha zake ziliendelea kuwa zake, ila alikubali kwamba rangi ilikuwa na wenyewe. Waingereza hawakuishia hapo. Sheria yao ya usimamizi wa soka iliyopitishwa Julai 2025 inazuia klabu kubadili nembo au rangi kuu za jezi ya nyumbani bila kuthibitisha kwamba mashabiki walio wengi wanakubali. Nchi inayouza soka duniani kwa bei ya juu kuliko zote imeona kwamba kulinda rangi hakumfukuzi mwekezaji.

Wengine watasema: mashabiki gani hao wa kuulizwa, ikiwa watu wa Singida wengi ni wa Simba na Yanga, na siku vigogo hao wakija uwanjani kwetu huwa wako nyumbani kuliko wenyeji? Hili lina ukweli unaouma. Lakini linageuza tokeo kuwa sababu. Mapenzi ya timu hurithishwa, na huwezi kumrithisha mtoto kitu kinachobadilika kabla hajafika darasa la tatu. Mbeya City ilipopanda mwaka 2013 na kumaliza ya tatu katika msimu wake wa kwanza, zambarau ilijaa Sokoine na kusafiri na timu mikoani, katika jiji ambalo nalo lina Simba na Yanga tele. Timu ile ikashuka mwaka 2023, ikarudi mwaka 2025, na ilirudi kwa jina lilelile na zambarau ileile. Hakuna aliyehitaji kuelezwa upya ni nani hao. Coastal Union ya Tanga inaishi kwa urithi wa namna hiyo. Haijatwaa ubingwa tangu 1988, lakini hao Wagosi wa Kaya wanajulikana ni akina nani na wanavaa nini.

Siombi mashabiki wachore jezi. Kamati ya watu hamsini ikishika kalamu, tutapata jezi yenye alizeti, kitunguu, mzinga wa nyuki, kuku na Ziwa Singidani, vyote kifua kimoja. Mbunifu aachiwe kazi yake, na klabu iachiwe uhuru wa kutoa jezi tatu mpya kila msimu, maana mauzo hayo ni halali na ni mapato ambayo timu za mikoani zinayahitaji kuliko vigogo. Nitasema tu kwamba mbunifu makini angepata mengi hapa bila kuvuka mpaka wa mkoa: misuko ya vikapu vya wanawake wa Kinyaturu ina mpangilio wa rangi na maumbo ambao ungependeza kwenye jezi yoyote, na ungeuzika hata kwa mtu asiyejua nafasi yetu kwenye msimamo.

Ninachoomba kiko ndani ya uwezo wenu na wa TFF, na mahali pake panapofaa ni katika masharti ya leseni za klabu. Klabu inayotumia jina la mkoa, wilaya au mji isajili rangi kuu za nyumbani na nembo kwa kipindi kisichopungua misimu mitano. Ikitaka kuvibadili kabla ya hapo, itangaze kusudio lake msimu mzima kabla, isikilize mashabiki katika mkutano wa hadhara mahali inapochezea, na iwaletee ninyi maandishi ya kilichosemwa, pamoja na yaliyopingwa. Uamuzi ubaki kwenu, lakini muutoe na sababu zake. Kuhusu kuhamisha timu na kubadili jina, hata msingi wa kimataifa upo: kanuni za FIFA tayari zinataja kubadili makao, kubadili jina na kuhamisha hisa kati ya klabu kuwa miongoni mwa njia zisizoruhusiwa pale zinapotumika kupata nafasi ya ligi au leseni kwa kuharibu haki ya mashindano. Simtuhumu yeyote kwa yaliyopita. Yalipita kwa idhini, na kwa kanuni zilizokuwapo.

Mtaniambia Bodi ina mambo makubwa zaidi: waamuzi, ratiba inayopanguliwa, viwanja vinavyofungiwa. Ni kweli. Hata hivyo hili ni katika machache ambayo hayahitaji bajeti. Linahitaji aya mbili katika kanuni na mtu wa kusoma barua zitakazoletwa. Simba na Yanga hawalihitaji, kwa kuwa wanachama wao ni ulinzi tosha. Wanaolihitaji ni watu wa timu zisizo na wanachama, ambao mmiliki hawajibiki kwao hata kwa kikao kimoja kwa mwaka, na kwao hakuna chombo kingine cha kukimbilia isipokuwa ninyi.

Klabu zitaleta jezi za msimu wa 2026/27 kwenu kabla ya ligi kuanza. Naomba kabla ya siku hiyo mtujibu hadharani: ikija barua inayosema Singida Black Stars sasa inaitwa jina jingine, ina nembo nyingine na itachezea mkoa mwingine, ni kifungu kipi cha kanuni kitakachowataka mtuulize sisi kwanza?

Wenu katika mchezo,
Mwandishi na mfuatiliaji wa soka, Singida.