Wenye Uzamivu Watafute Wapi Kazi ya Utafiti?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo linalotusumbua hapa kijijini kwetu, Handeni.

Mdogo wangu ana shahada ya uzamivu katika elimu ya wadudu waenezao magonjwa. Baba aliuza ng'ombe, nami mwalimu wa cheti nikakopa, hata akaifikia. Huu ni mwaka wa tatu yuko nyumbani, anavuna mahindi na kupanga machungwa barabarani Segera. Juzi mwanafunzi wa darasa la saba aliniuliza, "Mwalimu, mdogo wako si ndiye daktari? Mbona anauza machungwa?" Nilimwambia afungue daftari.

Wengi hudhani mtu akishafika huko kazi humfuata. Sivyo. Anachotafuta ni nafasi ya utafiti ya miaka miwili au mitatu, ile wanayopewa wenye uzamivu wapate kukomaa. Lazima kwanza apate mtafiti mkubwa atakayekubali kumpokea katika chuo chake. Ndipo aandike andiko la utafiti, atafute barua za waliomfundisha, kisha asubiri. Nafasi nyingine zina kikomo cha miaka tangu kuhitimu, kwa hiyo kila msimu anaokaa shambani unamfungia mlango. Ameomba mara kumi na moja, akajibiwa mara mbili. Tangazo moja tulilipata siku nne baada ya kufungwa, nalo lilikuwa kwa Kiingereza katika tovuti ya chuo ambacho sitakitaja.

Wala utafiti hauko mbali nasi. Jirani hapo Korogwe kuna kituo cha NIMR. Kati ya mwaka 2009 na 2014 Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto 15,459. Akina mama wa Korogwe walileta watoto wao wakachomwa sindano na kutolewa damu. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike. Sikilaumu kituo kile hata kidogo, kimetupa heshima. Nasema tu kwamba nchi iliyotoa watoto kwa kazi kubwa namna hiyo isikose mahali pa kumweka kijana wake aliyesomea mbu.

Fedha zipo, japo hazitoshi. Tangu mwaka 2003 mpango wa EDCTP wa nchi za Ulaya na Afrika umekuwa ukifadhili watafiti wa Kiafrika, lakini ni nani huku vijijini aliyepata kuusikia? (Mimi mwenyewe niliusikia kwa huyo huyo mdogo wangu.)

Kwa hiyo naomba COSTECH, tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ikusanye nafasi zote hizi katika orodha moja, itangazwe kwa Kiswahili redioni na magazetini, na nakala ibandikwe katika ofisi za elimu za wilaya. Kila mradi wenye fedha za nje utenge nafasi ya Mtanzania mwenye uzamivu, si ya kukusanya sampuli tu. Vyuo navyo viwajibu waombaji, hata kama jibu ni hapana.

Ningefurahi wahusika wakinijibu kupitia ukurasa huu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Handeni, Tanga.