FENESI TUNALIDHARAU BURE

Najua nimepotea, tesiti zilinibana kila upande. Leo sina stori ya darasani, nataka kuongelea fenesi. Ndiyo, fenesi, msicheke.

Wiki iliyopita bumu lilikuwa bado halijatoka. Chumbani kwetu tupo wanne na kila mtu alikuwa na hela ya kuungaunga tu. Jumamosi tukachanga, tukaenda sokoni tukanunua fenesi zima, mojawapo ya yale yanayoshushwa kutoka Matombo huko milima ya Uluguru. Tulilibeba kwa zamu mpaka hosteli, zito kama mtoto wa darasa la kwanza. Usiku tukakata, tukapaka mafuta ya kupikia mikononi ili ule utomvu usigande, tukala.

Mmoja wetu akagoma. Akasema hawezi kuonekana anakula fenesi usiku kama mlo, watu watajua ana njaa. Akanywa chai ya rangi, akalala.

Asubuhi nikachukua mfuko wa mbegu nikatupe. Jalala lenyewe lipo nyuma ya banda la mama ntilie wetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umebeba nini humo?"

"Mbegu za fenesi, naenda kutupa."

Akanitazama weee. "Yaani mnatupa chakula jalalani, halafu jioni mnakuja kwangu kukopa chakula?"

Sikuwa na jibu, maana jina langu limo kwenye daftari lake la madeni. Akaninyang'anya mfuko, akazichemsha kwa maji na chumvi kama nusu saa, akanionyesha kumenya lile ganda jeupe la nje. Ile ngozi nyembamba ya kahawia unakula nayo. Ladha yake ipo katikati ya kiazi na njugu mawe. Nikapeleka sahani chumbani. Yule jamaa aliyegoma akala bila kuuliza. Alipoambiwa ni nini akanyamaza kidogo, halafu akaongeza nyingine.

Sasa hoja yangu ni hii: sisi fenesi hatulichukii kwa ladha yake, tunalidharau kwa sababu ni la bei rahisi na linatoka kijijini. Lingekuwa linakuja na meli, kwenye kopo lenye picha nzuri, tungelipigia picha. Na kweli huko Ulaya na Marekani fenesi changa linauzwa kwenye makopo, wasiokula nyama wanalipika badala ya nyama kwa sababu linachambuka nyuzinyuzi. Tunda ni lile lile mnaloona aibu kulibeba kwenye daladala.

Wenye tunda lao wala hawana aibu hiyo. Asili ya fenesi ni India, na hata jina letu linafanana na lile la Kimarathi, "phanas". Bangladesh ndilo tunda lao la taifa. Jimbo la Kerala huko India lililitangaza tunda rasmi la jimbo mwaka 2018. Sri Lanka mfenesi wanauita mti wa wali, kwa sababu fenesi changa na mbegu zake vinapikwa na tui la nazi na watu wanashiba kama wamekula wali. Sisi nazi tunazo, mafenesi tunayo, halafu tunalala na chai ya rangi!

Twende kwenye lishe. Gramu 100 za fenesi bivu zina kama kalori 95 na wanga gramu 23 hivi. Potasiamu ni kama miligramu 448, inazidi kidogo ya ndizi mbivu. Vitamini C ipo, ingawa chungwa linalishinda mbali. Mimi sitaki kuwadanganya kwamba fenesi ni dawa ya kila kitu. Protini kwenye nyama yake ya njano ni kidogo, haifiki gramu 2, kwa hiyo anayesema fenesi linatosha badala ya maharage anakosea. Ila mbegu zina protini zaidi ya hiyo nyama, pamoja na wanga wa kushibisha, na ndizo hizo tunazotupa!

Najua mtasema linanuka. Kweli, harufu yake haina adabu, jirani wa chumba cha pili alitugongea mlango saa nne usiku. Lakini dagaa nao wananuka na tunawala. Mtasema linagandisha mikono, dawa yake nimeshawapa, ni mafuta. Mtasema ni kubwa mno kwa mtu mmoja, na hapo ndipo napapenda mimi. Fenesi huwezi kulila kwa uchoyo. Lazima muite watu, mchange, mkae chini mle pamoja.

Ombi langu kwa wenye kantini hapa chuo: wekeni fenesi la vipande karibu na chipsi, na mbegu za kuchemsha kwenye chai ya asubuhi. Kwetu sisi wanafunzi: tuache kutupa mbegu, na tuache kuoneana aibu kwenye chakula. Kuna mtu hapa chuo analala njaa ili asionekane ana njaa, mimi nimemwona kwa macho yangu. Hiyo inaniuma kuliko bumu kuchelewa.

Na nyie mnaosoma kilimo, likizo mkienda nyumbani pandeni hata mche mmoja. Mfenesi unatoa kivuli, majani yake mbuzi wanakula, na mbao zake ni nzuri kwa fanicha.

Haya, ngoja niwahi kipindi cha saa nane. Jumamosi tunachanga tena. Yule jamaa safari hii ndiye wa kwanza kutoa hela, na mbegu tumeshaahidiana zinaenda kwa mama, nusu yake nusu yetu.