Ndege za Jina Moja, Tabia Mbalimbali

Marubani wanapokutana, aghalabu mazungumzo yao huishia katika swali moja: ni ndege ipi iliyo tamu kuendesha, Boeing au Airbus? Msikilizaji asiye wa kazi hiyo huweza kudhani kuwa huo ni ubishi wa kupitishia wakati, mfano wa ule wa mashabiki wa kandanda. La hasha! Ubishi huo una uzito, na mwaka wa 2019 sisi Wakenya tuliuonja uchungu wa kupuuzwa kwake.

Tuanze na tofauti zenyewe. Katika Boeing 737, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka wa 1967, usukani mkubwa husimama mbele ya kila rubani, na sukani hizo mbili zimeunganishwa. Mmoja akivuta wake, wa mwenzake nao huvutika. Ndege inaporekebisha mizani yake, gurudumu lililo karibu na goti la rubani huzunguka kwa kelele. Waipendao husema kwamba ndege hii huzungumza na mikono yao.

Airbus A320, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 1988, ilileta desturi nyingine. Rubani hushika kijiti kifupi kilicho ubavuni mwake, nacho hupeleka ombi kwa kompyuta. Kompyuta ndizo zinazoamuru sehemu za mabawa na mkia zisogee. Katika hali ya kawaida, hukataa ombi lolote la kuinua pua ya ndege kupita kiasi au kuilaza ubavu mno. Waisifuo husema ni tulivu na haichoshi. Tena kwa kuwa hakuna usukani mbele ya rubani, pana nafasi hata ya meza ya kulia chakula. Lakini vijiti vile viwili havikuunganishwa. Mmoja akivuta chake, cha mwenzake hakitikisiki.

Kila desturi ina gharama yake. Tarehe 1 Juni 2009, Airbus A330 ya shirika la Air France, yenye vijiti vya namna hiyo, ilianguka katika Bahari ya Atlantiki ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris. Watu wote 228 walikufa. Vifaa vya kupimia mwendo viliziba kwa barafu, mtambo wa kujiendesha ukajizima, ule ulinzi wa kompyuta ukaondoka, na rubani mmoja akazidi kuinua pua hata mabawa yakashindwa kuibeba ndege. Kijiti cha mwenzake hakikuweza kumwambia mkono ule ulikuwa ukitenda nini.

Nikiwa mwanaisimu, naona katika mabishano haya jambo tulifundishalo kila siku. Chukua neno "paa". Liko paa la nyumba, yuko paa wa porini, na ndege nayo hupaa. Umbo ni moja, maana ni tatu, wala hakuna adhurikaye, kwa sababu muktadha hutuonya. Hatari huja pale mtu anapokabidhiwa umbo la zamani lililotiwa maana mpya, asiambiwe.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Boeing 737 MAX. Injini zake zilikuwa kubwa zaidi, zikafungwa mbele zaidi na juu zaidi, na katika hali fulani pua ya ndege ikaelekea kuinuka. Ili rubani aihisi kama 737 ya awali, uliongezwa mfumo ulioitwa MCAS, wa kuishusha pua bila kuamriwa na rubani. Mfumo huo ulitegemea kipimo cha kifaa kimoja tu, wala haukuelezwa katika vitabu vya marubani. Kwa nini? Ndege iliuzwa kwa ahadi kwamba rubani wa 737 ya awali hangehitaji mafunzo katika mtambo wa kuigiza safari. Uchunguzi wa Bunge la Marekani wa mwaka wa 2020 ulifichua kwamba Boeing iliahidi shirika la Southwest punguzo la dola milioni 1 kwa kila ndege iwapo mafunzo hayo yangehitajika. Kufanana kulikuwa bidhaa, na tofauti ikanyamaziwa.

Tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya Lion Air iliua watu 189 Indonesia. Tarehe 10 Machi 2019, ya Ethiopian Airlines, ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi, iliua watu 157, wakiwemo Wakenya 32. MAX ilizuiwa kuruka duniani kote. Iliporuhusiwa tena nchini Marekani mnamo Novemba 2020, mafunzo yale yaliyokwepwa yalifanywa ya lazima.

Wapo wasemao kwamba rubani stadi hushinda hitilafu yoyote. Sipuuzi ustadi. Hata hivyo, ustadi hulishwa na habari, na rubani asiyeambiwa kilichomo ndani ya ndege yake huachwa abahatishe huku sekunde zikimwishia.

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Angani kanuni hiyo haifai: asiyejua maana ndiye wa kwanza kuambiwa. Basi mwanafunzi atakayekuwa mhandisi, mkaguzi au mwanasheria kesho, akisikia mwenye kuuza akinadi kwamba kitu kipya ni kilekile cha jana, na aulize: kimebadilika nini, na nani ameambiwa?